Kifurushi Kinachokataa

Feza, mutoto wangu,

Umevuka muto Lukuga kwenda kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia mpaka ule. Jua bado liko juu, kuran ya umeme imerudi tangu asubuhi, na hapa biro, ofisini, niko peke yangu na mashini ya kompyuta. Papa yako yuko bandarini, anatafutia sanduku lako mahali pazuri melini, utafikiri sanduku njo litapata kizunguzungu. Basi nimechukua karatasi.

Mambo ya sabuni, ya dawa ya malaria, ya kufunga dirisha kabla ya kulala, sitayaandika. Shangazi yako anayasema sasa hivi, na atayarudilia mpaka masikio yako yachoke. Miye nina jambo moja tu. Ni zito, na litafika, lakini siwezi kulitupa mbele yako hivi hivi. Univumilie. Unajua mama yako akianza kueleza kitu lazima apitie Moba kwanza.

Nilipoingia kazini hapa nilikuwa daktilo. Nilipiga chapa barua za mradi wa kupima ziwa: maji yamepanda, maji yameshuka, upepo umetokea wapi. Wageni walipoondoka wakati wa fujo waliacha mashini hii, na vitabu vya lugha zao, na ufunguo wa biro wakamupa muntu aliyekuwa karibu na mulango. Watu wanasema nilichaguliwa. Wapi! Nilikuwa karibu na mulango. Nikakaa mbele ya kioo kile nikiwa naogopa hata kukipangusa vumbi, lakini nje nilitembea kama bibi-arusi. Kila aliyeniuliza, "Mama Feza, unaijua mashini ya wageni?" nilimujibu, "Ee, haina shida." Neno "sijui" lilikuwa linanikwama kama muiba wa samaki.

Weye ulikuwa Lubumbashi, mwaka wa pili institi, unasoma hizo mashini. Kisha waalimu hawakulipwa, milango ikafungwa, ukarudi na treni na godoro lako, umekonda, hutaki kusema na muntu. Nilikuleta hapa nisikuone umelala muchana. Nikakuambia, "Kaa hapo, unisomee Kiingereza hiki." Ukakaa. Haikupita muda nikaona ni miye sasa ninayeomba nafasi kwenye kiti changu mwenyewe.

Ulinieleza habari ya kiini kwa maneno ambayo nayashika mpaka leo. Ndani ya mashini kuna kiini, programu kubwa inayoshika chuma chote: kioo, disketi, kisanduku cha kupimia kilichofungwa kwenye nguzo ziwani. Programu zingine haziruhusiwi kugusa chuma. Zinabisha hodi, zinaomba, kiini kinazipa. Na namna ya kubisha imeandikwa kwenye faili ndogo ndogo zinazoitwa vichwa. Kichwa chenyewe hakifanyi kazi yoyote. Kinasema tu kwamba ndani kuna hiki na hiki, kwa mupango huu. Anayetaka kujenga programu yake hahitaji maandiko yote ya kiini, anahitaji vichwa vyake tu. Njo maana tulikuwa tunavifunga peke yake kwenye disketi na kuvipeleka Moba kwa meli. Maandiko ya kiini kizima yangetaka disketi nyingi, na sisi hatukuwa nazo.

Nilielewa upesi, kwa sababu nimekua kwenye ndakala. Bibi yako aliuza ndakala wakavu, dagaa hawa wa ziwa letu, magunia yanapanda treni kwenda Kabalo na mbele. Mununuzi wa Kabalo hamwagi gunia zima chini. Anafungua mudomo wake, anatazama waliopo juu, anaamua. Basi akina mama wa bandarini walikuwa na desturi yao: juu unapanga samaki wazuri, weupe, wazima, na chini wanakaa waliovunjika na muchanga wao. Hakuna aliyeita jambo hilo uwongo. Tulisema kuvalisha gunia. Na miye nilikuwa na mukono muzuri sana wa kuvalisha, hata wenzake bibi yako walikuwa wananiazima.

Sasa sikia nilivyovalisha disketi. Sehemu ya hadithi hii unaijua, lakini yote sijawahi kukuambia.

Papa Kyungu alikuwa mulinzi wa kituo cha Moba. Kazi yake ilikuwa kusoma hesabu za kisanduku, na upepo ukiwa mukali kupandisha bendera nyekundu ili wavuvi wasiingie ziwani. Ilifika disketi kutoka kituo cha Kigoma, ng'ambo ya ziwa, yenye kiini kipya na vichwa vyake. Kukitia kiini hicho kwenye mashini ya Moba sikuthubutu, niliogopa isiamke tena. Lakini vichwa vyake, Feza! Safi, vimepangika, vina maelezo kila mahali. Vya zamani vilikuwa na viraka vya wageni, vinatia haya. Weye ulikuwa umelala na malaria, hakuna wa kunishika mukono. Nikafunga vile vipya, nikamupelekea Papa Kyungu ajenge navyo programu ya upepo. Mashini yake ikabaki na kiini cha zamani ndani, na vichwa vipya juu.

Na programu ikajengeka. Huo njo ubaya wake. Haikulalamika hata neno moja.

Kiini cha zamani kilitoa hesabu kwa mupango huu: maji, upepo, joto. Kichwa kipya kilisema maji, betri, upepo, joto, kwa sababu kiini kipya kilijua kupima na betri ya kisanduku. Basi programu ikachukua upepo ikafikiri ni betri, ikachukua joto ikafikiri ni upepo, na mahali pa joto ikakuta utupu. Papa Kyungu aliniita kwa fonii, ile redio ya misioni, kuniambia kwamba kipima-joto kimekufa. Nikamujibu, "Haina shida, kitapona." Na joto la Moba unalijua, halishuki sana. Kwa hiyo Moba ikawa na upepo mukali usiochoka, asubuhi na muchana, kila siku aliyoileta Mungu.

Bendera nyekundu ikapanda, ikakaa juu. Wavuvi walitazama ziwa limetulia, wakatazama bendera, wakamuamini Papa Kyungu kwanza, kwa sababu walimuheshimu. Watoto wakala muhogo bila mboga. Mwishowe watu wakachoka. Wakaingia ziwani chini ya bendera, wakarudi na samaki tele, na tangu siku hiyo wakamuita Papa Upepo. Watoto walimuimbia njiani. Wakasema anaanza na lutuku asubuhi, muntu ambaye hata bia hakugusa.

Weye njo ulitoka kitandani ungali unatetemeka, ukaweka kichwa cha zamani na kipya sambamba kwenye kioo, ukateremka mustari kwa mustari. Ukanionyesha kwa kidole neno moja: betri. Hukusema kitu. Ingekuwa miye, ningesema, na majirani wangesikia.

Nilikwenda Moba. Nikasimama kwenye soko la samaki nikaeleza. Na jaribu weye kueleza kichwa na kiini kwa watu waliolala njaa! Mama mumoja akauliza, "Basi mashini yenu inaona joto, inasema upepo? Mukwe wangu pia yuko hivyo hivyo." Watu wakacheka, na miye nikacheka nao. Papa Kyungu hakucheka. Alinipeleka kwake, akanipa kiti, akanipa maji ya kunywa, akaongea polepole kama muntu anayemubembeleza mugonjwa.

"Mama Feza," akasema, "ungeniambia kwamba vichwa hivi si vya kiini hiki, ningeviangalia kwa jicho lingine. Ningetoka inje, ningesikiliza upepo kwenye shati yangu. Lakini uliniletea kama kitu kizima. Nikakiamini kama kitu kizima."

Ningependa angenitukana. Aliacha kituo, akaenda kwa mutoto wake kule Kiambi, analima. Bendera ya Moba mpaka leo hakuna anayeijali. Nililia melini kurudi nyumbani, na waliponiuliza nikasema ni moshi.

Kisha ukaanza kufunga vifurushi kwa namna yako. Kila kiini na kifurushi chake cha vichwa, kilichotolewa kwenye maandiko yale yale yaliyokijenga, na jina la kifurushi limebeba namba ya kiini. Na kabla hakijajifungua kinaiuliza mashini: namba yako ni gani? Kama si yake, kinakataa, kinaeleza sababu, kinanyamaza. Nilikukaripia, unakumbuka? "Aka, Feza! Disketi isafiri kutoka Kalemie mpaka Moba, ifike imukatalie muntu?" Ukasema bila kuondoa macho kwenye kioo, "Mama, afazali ikatae kuliko ikubali vibaya."

Na cha kwanza kilikataa wapi? Hapa hapa biro. Kilinikatalia miye, mwenye ufunguo! Nikapiga meza, nikasema mutoto huyu ameharibu mashini. Ukaniuliza taratibu kama nimegusa kiini. Nikakana. Kisha nikakumbuka: niliijaribu kazi ya kukijenga upya ulipokuwa sokoni, ikafaulu kwa bahati, nikajivuna peke yangu, nikasahau kukuambia. Tulicheka mpaka Papa yako akaja kuuliza kama kuna sikukuu. Lakini ndani yangu kuna kitu kilitulia siku ile. Nilikuwa nimekataliwa na kifurushi, na sikufa.

Kigoma walikijaribu kifurushi chako, na hiyo njo sababu Muzee Rashidi, mukubwa wa kituo cha kule, akauliza ni nani aliyekifunga.

Sasa tumefika. Ile siku ya fonii pale misioni tulikuwa watatu, weye na Papa yako na miye, tumebanana mbele ya kile kisanduku kinachokoroma. Muzee Rashidi akauliza kama umemaliza masomo. Papa yako akachukua maikro: "Ndiyo, Muzee. Amemaliza. Ana lisansi yake ya chuo." Alisema kwa upendo, Feza, usije ukamuhukumu. Alisema kama baba anayesukuma mutoto apite kabla mulango haujafungwa. Weye ukatazama chini. Na miye, mwenye mudomo ambao muji muzima unaujua, nikanyamaza. Tulivalisha, sote watatu. Muzee akafurahi: nafasi ya fundi ni yako, na chumba kipo ndani ya kituo. Papa yako alirudi nyumbani anacheza njiani na kusalimia hata mbuzi.

Tangu hapo hatukuligusa neno hilo kati yetu. Lakini nina macho. Nimekuona unakunja nguo, unazikunjua, unazikunja tena. Juzi ulifikiri niko inje, nikakusikia chumbani unafanya mazoezi: "Mwaka wa mwisho tulisoma... mwaka wa mwisho mwalimu wetu alikuwa..." Sauti yako ilikuwa ya muntu mwingine. Niliondoka nikaenda kukaa jikoni, na nikakumbuka kile kiti cha Moba.

Basi hili njo jambo lenyewe. Leo asubuhi nilirudi misioni peke yangu, nikaita Kigoma.

"Muzee," nikasema, "musichana wangu hajamaliza. Alifika mwaka wa pili, institi ikafungwa. Kile kifurushi ni kazi yake, kila mustari. Lakini lisansi hana."

Fonii ikakoroma. Nikafikiri imekatika.

"Mama, kwa nini hamkusema tangu mwanzo?"

"Tuliogopa utasema hapana."

"Sasa na mimi nifanye nini? Wakubwa wangu wanataka cheti. Nafasi ya fundi siwezi kumpa. Na chumba kile ni cha fundi."

Nikamuambia ninaelewa. Sikuelewa kitu, nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Kama bado anataka, aje awe mwanagenzi. Atajifunza kazi, tutamtazama. Mahali pa kulala atafute kwa watu, wenyeji wapo. Siahidi zaidi ya hapo, Mama. Na akishuka melini aje kwangu kwanza."

Hayo tu. Hakuniambia kwaheri nzuri, na sikumulaumu.

Kwa hiyo nimekunyang'anya cheo na chumba kabla hujakanyaga meli. Na sikukuuliza. Najua neno lile lilikuwa lako, lilikuwa mudomoni mwako, nami nikalichukua kama ninavyochukua kila kitu, mazungumzo ya watu, kijiko cha mupishi. Pengine ungelisema mwenyewe leo jioni. Pengine ungelisema Kigoma siku ya kwanza, umesimama wima, na lingekuwa na utamu mwingine kabisa. Sasa hatutajua, na kosa hilo ni langu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini nikuambie nilichokuwa nakiona nilipokuwa nakwenda misioni. Nilikuona kule Kigoma, kila asubuhi unaamka kupanga samaki wazuri juu. Mwenzako anauliza jambo dogo, "Nyinyi mulisomaje hili?", na moyo wako unaruka. Kazi unayoijua kuliko wote unaifanya kwa kujificha, kwa sababu ya ile ambayo hukuisoma. Watu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Miye niliyepita humo nakuambia ni ndefu, na inachosha, na hakuna mahali pa kukaa.

Kuna hesabu za mwaka wa tatu huzijui. Kuna mashini zinazoongea kwa waya, hujawahi kuziona hata kwa picha. Sema hivyo, kwa sauti yako ya kawaida, ile unayoniambia kwayo kwamba chumvi imekwisha. Na kuna kazi ya kutazama mustari kwa mustari wakati wengine wamechoka wameenda kulala. Hiyo unayo. Nimeiona kwa macho yangu, ukiwa na homa. Wakikupa kufagia biro, fagia, na usikilize wanavyoongea. Wakikucheka, mama wa Moba walinicheka na niko hapa, nimenenepa.

Papa yako bado hajui nilichofanya. Nitamuambia miye mwenyewe, hilo si lako kubeba. Atapiga kelele, atasusa chakula, kisha atakula.

Meli inaondoka kesho. Sasa unaweza kwenda, na unaweza kubaki. Ukibaki, hakuna atakayekuonyesha kidole hapa nyumbani, na kiti cha biro ni chako, kwanza nimechoka kukigombania na weye. Ukienda, utakwenda bila cheo na bila chumba, ila yule atakayekupokea anajua anampokea nani. Usiniulize ninachotaka, maana nitajibu: nataka uende. Roho inaniuma kuandika, nimeandika. Nataka uende.

Nilikuwa nimewaza kukupa barua hii kesho, melini, uisome nikiwa nimebaki inchi kavu, pale hasira yako isiponifikia. Kumbe huo ulikuwa woga tu. Nikitoka biro naiweka leo leo juu ya nguo zako zilizobaki, kabla hujafunga begi. Isome yote. Nitakuwa nyuma ya nyumba natwanga majani ya sombe. Njoo na hasira yako nzima, usiibebe hata kidogo kwenda nayo Kigoma, uimalize hapa kwangu mwenyewe. Njoo, mutoto wangu.

Mama